Kikao cha Viatu

Kikohozi kilitangulia. Kikavu, kifupi, cha mara mbili, kikafuatiwa na pumzi iliyovutwa kwa madaha, kama ya mtu anayetaka watu wajue kuwa yupo lakini hana haraka na mtu. Ofisi ya sheha ilikuwa giza tupu, madirisha yamekomewa kwa ajili ya dhoruba ya jana, na Mundhiri alisimama kizingitini na ufunguo wake mkononi akitabasamu peke yake. Kikohozi kile angekitambua hata akiwa chini ya bahari. Kilikuwa cha bibi yake.

Ila bibi yake hakuwamo mle ndani. Saa ile Bi Kazija alikuwa bondeni, juu ya dungu, akiwinga ndege wasiumalize mpunga wake. Kilichokohoa kilikuwa kivuli chake.

Mundhiri akasukuma madirisha. Mwanga wa asubuhi ukamwagika juu ya busati. Zamani wajumbe wa Kamati ya Ushauri ya Shehia ya Mwambeni walikuwa wakikaa hapo, miguu wameikunja, vikombe vya chai mbele yao. Siku hizi palipangwa vinara vidogo vya shaba, kila kimoja na taa yake ya kijani, kila kimoja mahali pa mwenyewe.

"Mume wangu, umekula?" kinara cha Bi Kazija kikauliza.

"Nimekula, Bibi."

"Muongo mkubwa."

Mundhiri akacheka kwa sauti. Hakuwa na staftahi tumboni, na kinara kilijua. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake. Kwa misimu kadhaa kila mjumbe alipoingia kikaoni alikuwa akivaa shanga moja nyeusi shingoni. Shanga ilisikiliza. Ilijifunza sauti ya mtu, kisha ikajifunza kilicho chini ya sauti: huyu akiulizwa jambo huanza kufikiria watoto, yule huanza kufikiria gharama, mwingine huiogopa bahari kuliko njaa. Shanga iliposhiba ilitiwa ndani ya kinara, na kinara kikawa kivuli cha mtu. Ukikiuliza jambo jipya, kilijibu kama ambavyo mwenyewe angejibu.

"Mashine hii haibahatishi," Mundhiri alipenda kuwaambia watu, kidevu juu. "Inafikiri kwa niaba yako wakati wewe umelala."

Sheria ya kisiwa haikubadilika: sheha haamui jambo zito bila ya kutaka ushauri wa kamati. Lakini sheria haikusema popote kwamba kamati lazima iwe na magoti.

Mlango wa uani ukalia. Akaingia Sheha Time Kombo, viatu ameviacha nje, kilemba kimekaa upande, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliwahi kuwa mwalimu wake wa skuli, na bado aliingia kila mahali kama anayeingia darasani.

"Mundhiri. Bamvua linapanda alasiri. Mamlaka ya Kingo wameniuliza tena usiku kucha, lango la bahari lifunguliwe au lisifunguliwe. Niulizie kamati kwa mara ya mwisho, moyo wangu utue."

"Jana walikubali wote, Bi Sheha."

"Niulizie."

Mundhiri akagusa ukingo wa meza, na taa zote za vinara zikang'aa pamoja. Sheha akasimama katikati ya busati, mikono nyuma.

"Wajumbe," akasema, "ukuta wa bahari hauwezi kulibeba bamvua la leo. Nikiliacha lango limefungwa, maji yatapita juu na kuingia Mtaa wa Chini, kwenye nyumba za watu. Nikilifungua, maji yote yatakwenda bondeni, na mpunga utakufa. Nakusudia kulifungua. Mnasemaje?"

"Ni sawa, Bi Sheha," kikasema kinara cha kwanza.

"Ni sawa."

"Uamuzi wako ndio wetu," kikasema kinara cha Mzee Shaame, kwa ile sauti yake ya kukwaruza.

Kinara cha Bi Kazija kikakohoa. "Mie sina la kuongeza, Bi Sheha. Ni sawa."

Ikawa imekwisha. Kamati ya watu wa nyama na damu ingechukua asubuhi nzima, na nusu ya asubuhi hiyo ingekuwa ni Mzee Shaame akisimulia jinsi alivyowahi kuumwa na pweza. Bi Time akashusha mabega.

"Wewe kijana umeniokoa," akasema. "Kesho masheha wenzangu wa kisiwa kizima wanakuja kuiona kazi yako. Vaa kanzu yako nzuri, isiwe hiyo iliyoungua na pasi." Kisha sauti yake ikalegea. "Nenda bondeni ukawatoe watu kabla ya adhuhuri. Na bibi yako... mwambie nimemsikia. Si kila mtu angeutoa mpunga wake namna ile."

Mundhiri alikuwa akiliwaza hilohilo tangu jana. Mpunga ule alikuwa ameuona ukipandwa, amewaona wanawake wa bonde wakiinama juani kwa siku zisizo na mwisho, na Bi Kazija mbele yao akiwatania. Kisha kwa neno moja, *ni sawa*, akautoa wote kwa ajili ya watu wa Mtaa wa Chini. Mundhiri alikwenda bondeni kifua mbele. Alikuwa mjukuu wa mtu mkubwa.

*

"Hooo! Hooo! Tokeni, wana wa haramu!"

Debe lililia, na wingu la ndege likaruka kutoka kwenye masuke, likazunguka, likatua palepale. Bi Kazija alikuwa amesimama juu ya dungu, kanga imefungwa kiunoni, fimbo mkononi. Mpunga ulikuwa umeinamisha vichwa, rangi yake inaanza kugeuka.

"Bibi! Shuka nikupe mkono!"

"Mkono wa nini? Nimeposwa?"

"Wa moyo wako. Kwa uliyoyasema jana kuhusu bonde."

Bi Kazija akamtazama kutoka juu. "Jana sikusema na mtu ila hawa ndege, na wao niliwatukana."

"Kivuli chako, Bibi. Kamati iliulizwa. Mmekubali lango lifunguliwe leo, bamvua liingie huku bondeni, Mtaa wa Chini usalimike." Alilisema kwa furaha, kama mtu anayempelekea mwingine sifa zake. Sentensi ilipofika mwisho ndipo alipouona uso wa bibi yake.

Alishuka dungu polepole, mguu baada ya mguu, akikataa kushikwa. Alipofika chini alisema, "Rudia."

Mundhiri alitoa kisemeo, kijisanduku cha kurudia sauti za vinara, kutoka mfukoni, akakibonyeza, na sauti ya Bi Kazija ikatoka pale bondeni katikati ya mpunga: *Mie sina la kuongeza, Bi Sheha. Ni sawa.*

Kwanza alipendezwa. "Loo! Hebu sikia. Sauti bado nzuri, wallahi." Kisha akasikiliza mara ya pili, kichwa upande, na ile furaha ikamtoka. "Ni mimi," akasema. "Ni mimi hasa. Hivyo ndivyo ninavyosema mle ndani."

"Basi umekubali!"

"Nimekubali vipi, na sijavaa viatu?"

Mundhiri akadhani jua limempiga. Akaangalia miguu yake, iliyojaa tope. Bi Kazija akamvuta mkono wakakaa kwenye kivuli cha dungu, na akaanza kumweleza kwa ule upole wa kumfundisha mtoto kufunga shuka.

"Sikiliza, mume wangu. Mle ndani kuna kiti cha sheha. Mtu unamwambiaje mwenye kiti, mbele ya watu, kwamba amekosea? Si utamvua nguo? Unasema ni sawa. Wote mnasema ni sawa. Sheha anafunga kikao, mnatoka. Mnainama mlangoni kutafuta viatu. Huyu ndara lake halioni, yule anamshika mwenziwe bega asianguke. Na sheha naye anainama, maana naye ana miguu. Pale hapana kiti. Pale ndipo tulipokuwa tukimwambia marehemu Sheha Makame: lile la kisima, hapana. Lile la barabara, ngoja kwanza. Naye anafunga makubadhi yake anasema, nimesikia. Kesho yake unaona jambo limegeuka, na hakuna aliyeaibika."

Mundhiri akafumba macho. Aliiona sinia. Sinia ndogo ya shaba, ndani ya mlango, ambamo kila kikao kilipofungwa wajumbe walivua shanga na kuziweka. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiishika sinia ile, kwa heshima, mkono mmoja juu ya kifua. Shanga hazikuwahi kufika penye viatu. Vivuli vyake vyote, vile vilivyojua nani ana njaa na nani anaiogopa bahari, vilikuwa vimesikia nusu ya kamati tu. Nusu ya adabu.

Na mwenye kiburi akichomwa, hutafuta wa kumchoma.

"Kwa hiyo misimu yote hii mmekaa mnaidanganya mashine yangu!"

"Mashine yako ndiyo iliyokuwa ikitoroka mapema."

"Na Bi Time je? Yeye hupitia mlango wa uani. Hajawahi kuinama na nyinyi hata siku moja. Mmemwona anaondoka kila kikao na *ni sawa* zenu mfukoni, mkanyamaza?"

Hapo Bi Kazija alitazama mikono yake.

"Tulimngoja," akasema. "Kwanza tulidhani ana haya, ni mgeni wa kiti. Tukawa tunachelewesha kuvaa, labda atatokea. Shaame alikuwa akivaa ndara, anavua, anavaa tena. Halafu mkaleta vile vinara, tukaambiwa tukae majumbani, tusisumbuke. Tukasema, haya, hataki kutuona." Akafuta jasho kwa pembe ya kanga. "Mtu hukasirika, Mundhiri. Hata mzee hununa. Tulinuna."

Ndege walikuwa wametua tena. Hakuna aliyewafukuza.

"Mpunga huu ni mbegu," akasema Bi Kazija. "Mabonde mengine yote yameshakunywa chumvi. Huu ukifa leo, mwakani hatuna cha kutia ardhini. Hilo ningelisema."

"Na watu wa Mtaa wa Chini? Walale majini?"

"Hilo ndilo la kuzungumza!" Alipiga paja lake. "Nani kakwambia nina jawabu? Sikusema nina jawabu. Nimesema sijaulizwa!"

*

"Unaniambia," akasema Sheha Time, kila neno peke yake, "kwamba mashine ambayo kesho masheha wenzangu wanakuja kuiona ni kasuku?"

"Si kasuku, Bi Sheha. Ni mwanafunzi aliyetoka darasani kabla ya somo."

Mundhiri alikuwa amerudi mbio, kanzu imeganda mgongoni. Kwenye ukuta wa ofisi, ramani ya mwanga ilionesha lango, bonde, Mtaa wa Chini, na bahari ikisogea kwa rangi ya buluu iliyokoza. Chini yake paliwaka alama ya kiganja. Sheha akiweka mkono wake pale, lango lingefunguka.

Bi Time alisikia habari yote ya viatu bila ya kumkatiza. Mwisho alikaa kitako juu ya busati, katikati ya vinara.

"Natokea uani kwa sababu gari liko uani," akasema.

"Najua."

"Nilidhani hawana la kuniambia. Nilikuwa nikienda nyumbani nikilia, Mundhiri. Nasema, hawa wananidharau, kila nikisema kitu ni sawa, ni sawa, kama wanaombembeleza mtoto." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Kumbe wamesimama mlangoni na ndara mkononi."

Kisha akainua macho, na Mundhiri akaona wazo likimwingia.

"Lile jicho," akasema. "Lile uliloweka juu ya mlango wa mbele, makubadhi ya Mzee Shaame yalipoibwa. Linasikia?"

Mundhiri hakupenda kujibu. "Linasikia."

"Na linahifadhi."

"Linahifadhi."

"Basi yote waliyoyasema penye viatu yamo humo. Walishe vivuli hayo. Kazi ya muda gani?"

"Ya kufumba macho na kufumbua."

"Fumba basi."

Alikwenda mezani. Akafungua hifadhi ya jicho, na picha zikaanza kupita mbele yake bila ya sauti. Migongo iliyoinama. Mzee Shaame akimwegemea Bi Kazija, akikung'uta mchanga kutoka kwenye ndara. Bi Kazija akisema jambo, wote wakicheka, kisha wote wakinyamaza na kuutazama mlango. Midomo ilikuwa ikisema na kusema. Kidole chake kikasimama juu ya meza. Kubonyeza mara moja tu, na vivuli vyake vingekuwa kamili. Hakuna mtu Mwambeni ambaye angejua. Kesho angesimama mbele ya masheha wa kisiwa kizima, kidevu juu, na kila alichokisema kuhusu mashine yake kingekuwa kweli. Moyo wake uliitaka kesho hiyo kwa nguvu iliyomtia hofu.

Lakini macho yake yalikuwa kwenye picha, na katika picha, kupitia mlango ulio wazi, aliona wanachokifanya wazee kabla ya kutoka. Walikuwa wakizivua zile shanga wenyewe. Walizitia kwenye sinia, wakanyoosha shingo, wakapumua.

"Sitaki," akasema.

"Huwezi?"

"Naweza sana. Sitaki." Akageuka. "Shanga walikubali kuvaa, Bi Sheha. Walijua inasikiliza. Kabla ya kutoka nje waliivua. Walichosema pale walikuwa wakimngoja mtu akisikie, na mtu huyo ni wewe. Nikiwaibia, leo tutapata jawabu moja. Wakijua, na watajua, watavaa viatu kimya mpaka mwisho wa dunia. Hutasikia tena kitu, wewe wala sheha atakayekuja baada yako."

"Na maji yakiingia kwenye nyumba za watu kwa ajili ya heshima yako hiyo, utawaambia nini?"

Swali lilimpata pabaya.

"Sijui," akasema. "Lakini hawajafa. Kamati yako haijafa, Bi Sheha. Hawa wa shaba wako hapa kwa sababu tulichoka kuwapikia chai wale wengine. Waite."

"Watakuja, wakae hapa, waniambie ni sawa."

"Watakwambia. Funga kikao. Halafu tokea mbele."

Bi Time aliitazama bahari kwenye ukuta. Kisha akachukua simu.

*

Walikuja kwa haraka, wengine na tope la shamba miguuni. Vinara viliondolewa, watu wakakaa mahali pao. Sheha alieleza jambo lake, lilelile, kwa maneno yaleyale. Wajumbe wakasikiliza kwa adabu.

"Ni sawa, Bi Sheha."

"Ni sawa."

"Uamuzi wako ndio wetu," akasema Mzee Shaame.

Bi Kazija alikohoa. "Mie sina la kuongeza."

Mundhiri, aliyesimama pembeni, alibaki mdomo wazi. Neno kwa neno. Mashine yake haikukosea hata pumzi.

"Nimefunga kikao," akasema Sheha.

Wakainuka kwa kushikana. Mundhiri alitangulia nje, akapanda juu ya ndoo, akavua kofia yake na kulifunika nayo lile jicho la mlangoni. Mzee Shaame alimwona akifanya hivyo. Wazee wakainama. Ndara zikaburuzwa, zikageuzwa, zikakung'utwa. Kisha wote wakageuka kwa pamoja, kwa sababu Sheha Time alikuwa amesimama mlangoni, miguu mitupu, akitafuta chini viatu ambavyo havikuwepo.

"Bi Sheha," akasema Mzee Shaame, "viatu vyako viko wapi?"

"Viko uani."

"Umevisahau?"

"Nimevisahau," akasema Bi Time, na machozi yakamlengalenga, na ghafla akaonekana kijana. "Kila siku navisahau uani."

Mzee Shaame akavua ndara zake, akazisukuma mbele yake kwa kidole cha mguu. "Vaa hizi, mwanangu. Kubwa kidogo." Bi Time akainama kuzivaa. Akachelewa kuinuka. Na juu ya kichwa chake kilichoinama ndipo mzee alipoanza. "Lile la lango."

"Ndiyo, Baba."

"Mimi nalitaka lifunguliwe. Ndani nimesema sawa, na hapa nasema sawa. Nakaa Mtaa wa Chini, nimechoka kulala na godoro juu ya meza."

"Meza yenyewe mbovu," akasema Bi Kazija.

"Kazija, usinianze!"

"Nakuanza! Ukila mpunga wangu mbona hiyo meza huisemi? Ile ni mbegu, Shaame. Ikifa, mwakani utawapikia watoto wako hiyo meza?"

Wakalipuka wote. Waliingiliana, wakapandiana juu ya maneno, mmoja akalia, mwingine akaapa, mwingine akakumbusha mafuriko ya zamani na akaambiwa anyamaze. Sheha hakunyanyua kichwa. Alikuwa akihangaika na ndara zilizokwishamkaa miguuni, masikio yote yamefunguka. Mundhiri alisogea karibu. Katika kelele ile alisikia kitu ambacho hakuna shanga ingekijua, kwa sababu hakikuwepo kwa mtu yeyote kabla ya hapo. Kilizaliwa pale, kati ya mtu na mtu.

"Nipeni mpaka mpunga ukatwe," Bi Kazija alikuwa amesema, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Ukishakatwa, mbegu ikiwa ghalani, bamvua lijalo lifungulieni lango. Bonde naliacha. Nimelima mle tangu nikiwa mwari, lakini naliacha. Tutatafuta udongo mwingine."

Mzee Shaame akamgeukia.

"Na leo mimi nilale wapi?"

"Kwangu, mlimani. Kuna kitanda ukumbini."

"Kwako! Watu watasema nini?"

"Watasema Kazija kapata mzigo."

Kicheko kilipotulia, mama mmoja anayelima bondeni akasema nyumba yake ina vyumba viwili vitupu. Mwingine akasema wana wake wana gari la ng'ombe. Bi Time aliinuka taratibu, akiwa ndani ya ndara zile pana.

"Nimesikia," akasema.

Akaingia ndani. Mkono wake haukugusa alama ya kiganja.

*

Bahari ilipanda alasiri, ikapita juu ya ukuta bila ya kelele, ikaingia Mtaa wa Chini ikakuta nyumba tupu. Njia ya mlimani ilikuwa imejaa watu na vyombo vyao, masufuria, mbuzi, milango iliyong'olewa bawaba. Mundhiri alipanda na godoro la Mzee Shaame kichwani, mwenyewe mzee akimfuata nyuma akilalamika kuwa linaburuzwa, na Bi Kazija kando yake na birika mkononi.

Walipofika pale njia inapotulia, bibi akamsimamisha apumue.

"Kile kisauti changu," akasema. "Kesho wageni wakija, utakisemesha?"

"Nitawaambia ukweli. Kwamba kinajua adabu yako, basi."

"Watakucheka."

"Wacheke." Halafu kiburi kikamrudia kidogo. "Ila wasicheke sana."

Bi Kazija alitabasamu, akaacha kutabasamu. "Na mimi nikifa?"

Mundhiri alilishusha godoro. Hakuwa amewahi kulisema, wala hakuwa amewahi kuulizwa. "Nilikitengeneza kwa hofu hiyo, Bibi. Kazi hii ya kamati ilikuja baadaye. Nilikaa nikawaza siku nitakayoita, usiitike. Nikaona, siwezi. Nikaanza na shanga yako."

Aliufuta uso wake kwa mkono wa kanzu. Bibi yake aliliweka birika chini, akamshika kidevu kama alivyokuwa akimshika alipokuwa hajaota meno.

"Kwako nyumbani kiache kiseme," akasema. "Kikutanie, kikugombeze. Hilo halinisumbui. Lakini la watu wote ni jingine. Mimi nikitoa shauri baya, kesho watu wananifuata kisimani, wananisema mpaka nashika njia nyingine. Yule wa shaba watamfuata wapi? Mtu asiyeweza kuona haya asiwashauri watu."

"Kazija ana haki," akasema Mzee Shaame kutoka nyuma. "Ingawa godoro langu linalowa."

Mundhiri akainua mkono wake wa kulia, pale njiani, mbele ya mzee na mbuzi na wote waliokuwa wakipita.

"Mzee Shaame, kuwa shahidi. Bibi, nakuahidi. Siku utakayoondoka, kabla hata ya kukupeleka kaburini, kinara chako nitakitoa ofisini kwa mkono wangu huu. Aje sheha, aje waziri, kisiwa kiwe kinazama na wao wamepiga magoti wakitaka sauti yako iseme ni sawa. Haitasema. Hakuna atakayekubali jambo kwa mdomo wako, Bibi, ila wewe."